Kibali kwanza, tiba baadaye: mwongozo kamili wa kuiomba WCF igharamie tiba isiyo ya kawaida

Wafanyakazi wa Arusha na Moshi walioumia kazini wanaendelea kukwama palepale. Hospitali imefanya kazi yake, mfupa umeunga, kidonda kimefunga, lakini maumivu hayaishi au mkono haurudi kwenye kazi. Mtu anaambiwa kuna mtaalamu wa akupancha (tiba ya kuchomwa sindano nyembamba), au mchuaji hodari, au mzee anayeunga mifupa. Anakwenda, analipa kwa pesa yake, pengine anapata nafuu. Baada ya hapo anapeleka risiti kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, akidai arudishiwe. Madai yanakataliwa, na mtaani inaenea kwamba WCF haigusi tiba mbadala.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inahusu gharama za matibabu, vifaa vinavyohitajika kwa sababu ya ulemavu, na huduma za utengamao, yaani kumrudishia mtu uwezo wake baada ya kuumia. Tiba iliyo nje ya mazoea ya hospitali inahitaji kuridhiwa na Mfuko. Kwa hiyo anayetibiwa kwanza na kuomba baadaye ameanza mwishoni. Mwongozo huu unakupeleka kwa mpangilio unaotakiwa. Hauwezi kukuhakikishia kwamba ombi litakubaliwa, lakini ombi lako halitaanguka kwa sababu ya karatasi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Namba ya NIDA, kitambulisho cha kazi na mkataba. Kama huna mkataba wa maandishi, tafuta hati za malipo, daftari la mahudhurio au muamala wa mshahara kwenye simu.
- Hati za mshahara za mwezi ulioumia na miezi iliyotangulia.
- Nakala ya taarifa ya ajali iliyopelekwa WCF, na namba ya dai.
- PF3, ile fomu ya polisi, kama ni ajali ya barabarani.
- Karatasi zote za hospitali: kadi, muhtasari wa kuruhusiwa, picha za X-ray na maelezo yake, vyeti vya dawa, kadi ya tiba viungo.
- Risiti zote, hata za nauli.
- Daftari dogo la kuandika maendeleo yako kila wiki.

Piga picha kila karatasi na uitume kwenye barua pepe yako mwenyewe. Simu huibiwa, na mafaili ya ofisini huhamishwa bila wewe kuambiwa.

## Hatua ya 1: Jua tiba unayoitaka iko kundi gani

Tiba "isiyo ya kawaida" ina sura tatu, na kila moja ina uzito wake mbele ya anayesoma jalada lako.

Kundi la kwanza ni huduma za kitaalamu ambazo wengi hawajui kwamba zinaweza kuombwa: tiba kazi, yaani mazoezi ya kurudisha mikono kwenye kazi zake; tiba viungo ya muda mrefu kuliko ile ya kawaida; ushauri wa kisaikolojia baada ya ajali ya kutisha; kiungo bandia au mkanda uliotengenezwa kwa kipimo chako. Hapa Kaskazini tuna bahati. TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, kipo KCMC Moshi. Kabla ya kufikiria kitu kingine chochote, uliza kama jibu lako liko katika kundi hili.

Kundi la pili ni akupancha, kuumikwa kwa chuku (vikombe vya kuvuta damu), uchuaji wa kitabibu na kunyooshwa uti wa mgongo. Hapa ombi linaweza kusimama iwapo daktari anayekutibu analibeba.

Kundi la tatu ni dawa za asili na waunga mifupa wa jadi. Sikushauri uombe kundi hili kama njia ya kwanza, na kwa mfupa uliovunjika nasema wazi: usiende kabla ya X-ray na matibabu ya hospitali. Banzi lililokazwa kupita kiasi linaweza kuzuia damu hadi vidole vikaoza. Vidole vikiwa vya baridi, vimebadilika rangi au vimekufa ganzi chini ya banzi, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo. Fungua banzi na uwahi hospitali.

Ukimaliza hatua hii unaweza kusema kwa sentensi moja: "Nataka tiba hii, ya tatizo hili, kwa sababu hii." Sababu ikiwa ni "jirani yangu alipona", bado hujafika.

## Hatua ya 2: Hakikisha ajali yenyewe iko kwenye rekodi

Hakuna tiba ya ziada kwa ajali ambayo WCF haiitambui. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7 baada ya kupata habari za ajali. Wewe unatakiwa kumwambia mwajiri mapema, na usiache miezi 12 ipite bila dai kufika WCF.

Taarifa ya mdomo haitoshi. Andika barua ya nusu ukurasa: tarehe, saa, mahali, ulikuwa unafanya nini, umeumia wapi, nani waliona. Ipeleke nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa au isainiwe kwenye daftari la dispachi, nayo ibaki kwako. Mpagazi aliyeteleza mlimani ataje majina ya waongozaji na aombe nakala ya orodha ya wahudumu wa safari ile. Wa shamba la maua aandike na jina la msimamizi wa zamu.

Mwajiri akisita kupeleka taarifa, nenda mwenyewe ofisi ya WCF iliyoko Arusha ukiwa na nakala ile. Kutotoa taarifa ni kosa la mwajiri kisheria, na michango ya Mfuko hulipwa na mwajiri peke yake. Hakuna anayeruhusiwa kukukata mshahara kwa ajili yake.

Onyo moja ambalo watu wengi hulipuuza: mapokezi ya hospitali, usitoe kadi ya bima ya afya ukanyamaza. Sema "nimeumia kazini" na uhakikishe maneno hayo yameandikwa kwenye kadi. Karatasi ya siku ya kwanza isipotaja kazi, jalada zima litaanza kuulizwa maswali.

## Hatua ya 3: Maliza tiba ya kawaida, na ionekane kwamba umeimaliza

Anayepitia ombi lako ataanza na swali hili: hospitali imeshafanya nini? Kama ulitakiwa kuhudhuria tiba viungo mara 12 ukaenda mara 4, jibu lake ni rahisi: rudi ukamalize.

Kwa hiyo hudhuria miadi yako yote, iwe Mount Meru, Mawenzi, KCMC, ALMC au hospitali ya wilaya. Kila kipindi kisainiwe kwenye kadi. Ukikosa siku kwa sababu ya nauli au maumivu, sababu iandikwe. Dawa ikikudhuru, mwambie daktari aandike, kwa mfano kwamba dawa za maumivu zimekuletea kiungulia kikali. Madhara ya dawa ni hoja nzito ya kuomba njia nyingine, lakini hoja iliyobaki kichwani mwako haihesabiki.

Kuna jambo la muda hapa. Ikifika siku daktari akaandika kwamba hali yako imefika mwisho wa kupona, jalada linahamia kwenye tathmini ya ulemavu wa kudumu. Ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Omba tiba ya ziada kabla ya siku hiyo. Baada yake utakuwa unaomba kufunguliwa mlango ambao daktari wako mwenyewe ameufunga.

## Hatua ya 4: Geuza maumivu yawe vipimo

Hapa ndipo majalada mengi yanapokuwa matupu. "Mkono unaniuma sana" ni kweli, lakini msomaji aliye mbali hana pa kuishika. Muombe mtaalamu wa tiba viungo akupime na aandike namba.

Atachukua kipima pembe, ile rula ya plastiki yenye mikono miwili, aweke kitovu chake kwenye kiungo, mkono mmoja uelekee juu ya kiungo na mwingine uelekee chini. Atakuambia ukunje hadi mwisho wako na atasoma nyuzi. Atafanya hivyohivyo upande mzima. Tofauti kati ya pande mbili ndiyo lugha ya jalada.

Vipimo vingine vya kuomba: nguvu za kushika, umbali unaotembea kabla ya kusimama kwa maumivu, dakika unazoweza kukaa, na maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10. Kila namba ifungwe kwenye kazi yako. Dereva wa magari ya utalii anayeweza kukaa dakika 40 tu hawezi kuendesha kutoka Arusha hadi Karatu bila kusimama njiani. Fundi gereji wa Unga Limited asiyeweza kukaza spana hana gereji. Muuguzi asiyeweza kumgeuza mgonjwa hana wodi.

Umefaulu hatua hii ukiwa na ukurasa mmoja wenye tarehe, vipimo, jina na saini ya aliyepima, na mhuri wa hospitali.

## Hatua ya 5: Mchunguze mtaalamu unayetaka kwenda kwake

Tiba asili na tiba mbadala zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2002, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili wataalamu, vituo na dawa. Bila usajili, usipoteze muda kuomba.

Nenda kwake siku moja kabla ya tiba yoyote. Muombe kwa heshima, na sema unatayarisha maombi ya WCF. Unahitaji nakala ya cheti chake cha usajili, usajili wa kituo, na ankara ya awali inayoonyesha bei ya kipindi kimoja, idadi ya vipindi na jumla. Uliza kama anatoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Risiti ya kuandikwa kwa mkono kwenye kitabu cha dukani itakuletea mgogoro baadaye.

Wakati uko pale, angalia. Sindano za akupancha zitoke kwenye pakiti iliyofungwa na zitumike kwako tu. Wembe na vikombe vya chuku vinavyopita kwa mtu hadi mtu vinaweza kuambukiza homa ya ini na VVU. Kama kuna dawa ya kunywa, andika jina lake na uipeleke kwa daktari wako kabla ya kuonja, hasa ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, za sukari au za presha.

Akikuambia uache dawa za hospitali, ondoka. Akiahidi utapona kabisa, ondoka pia, kwa sababu mtu wa namna hiyo hatakuandikia ripoti ya ukweli tiba ikishindwa.

## Hatua ya 6: Pata barua ya daktari iliyo na nguvu

Ukiwa na nafasi ya kuhangaikia kitu kimoja tu, hangaikia hiki. Ombi linatoka kwako, lakini hoja ya kitabibu lazima itoke kwa daktari anayekutibu. Mtaalamu wa tiba mbadala akijiandikia mwenyewe kwamba tiba yake inafaa, uzito ni mdogo.

Barua dhaifu husomeka hivi:

*"Mgonjwa bado ana maumivu. Anaweza kujaribu akupancha."*

Neno "kujaribu" linaliua ombi. Linganisha na hii, ya fundi wa mfano aliyevunjika kifundo cha mkono:

*"Mgonjwa alivunjika kifundo cha mkono wa kulia akiwa kazini. Alifungwa plasta kwa wiki 6 na kumaliza vipindi 16 vya tiba viungo. X-ray inaonyesha mfupa umeunga. Kifundo kinakunja nyuzi 35. Cha kushoto kinakunja nyuzi 75. Maumivu ni 7 kati ya 10 anapokaza spana. Dawa za maumivu zimemletea madhara ya tumbo. Napendekeza vipindi 8 vya akupancha, viwili kwa wiki, sambamba na tiba viungo, ili apunguziwe maumivu aweze kufanya mazoezi. Atapimwa upya baada ya kipindi cha 4. Pasipokuwa na mabadiliko, tiba isimamishwe."*

Angalia kinachofanya kazi humo. Jeraha limefungwa kwenye kazi. Tiba ya kawaida imetajwa kwa idadi. Kuna vipimo. Tiba mpya haiondoi ya hospitali, inaisaidia. Ina mwisho, na ina sharti la kusimamishwa. Sentensi ile ya mwisho watu huiogopa, wakidhani inadhoofisha ombi. Inaliimarisha, maana inamwonyesha msomaji kwamba hatakiwi kusaini gharama isiyo na ukomo.

Madaktari wetu wana foleni ndefu, na huwezi kumwambia daktari aandike nini. Unachoweza ni kumrahisishia. Nenda na nusu ukurasa wenye tarehe, idadi ya vipindi na vipimo vyako, mkabidhi na useme: "Shikamoo daktari. Nimekuandalia kumbukumbu zangu, naomba unisaidie barua ya WCF kama wewe mwenyewe unaona tiba hii inafaa." Akisema haifai, muulize kwa nini na umsikilize. Huenda anajua kitu kuhusu mfupa wako ambacho mchuaji hakioni. Barua ikiandikwa kwa Kiingereza hakuna tatizo.

## Hatua ya 7: Andika ombi la kibali na usubiri jibu la maandishi

Andika kwa Mkurugenzi Mkuu wa WCF, kupitia ofisi ya Arusha, nakala kwa mwajiri. Kichwa kiwe wazi: "Ombi la kibali cha matibabu ya ziada, dai namba fulani." Ukurasa mmoja unatosha: umeumia lini, umetibiwa nini, unaomba nini, gharama yake jumla, unaambatisha nini.

Weka pia hoja ya pesa, kwa adabu. Mfanyakazi asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Chukua mfano wa mshahara wa shilingi 600,000: hiyo ni 420,000 kila mwezi ukiwa nyumbani. Kama vipindi 8 ni shilingi 30,000 kila kimoja, jumla ni 240,000. Tiba ikikurudisha kazini mwezi mmoja mapema, Mfuko umeokoa zaidi ya ulichotoa. Weka namba zako halisi na uache zijieleze.

Ambatisha barua ya daktari, ukurasa wa vipimo, kadi ya mahudhurio, vyeti vya mtaalamu na ankara ya awali. Panga kwa tarehe, andika namba kwenye kila ukurasa, baki na nakala kamili yenye mhuri wa kupokelewa.

Halafu ngoja. "Sawa, endelea tu" ya kwenye simu haina thamani siku afisa huyo akihamishwa. Piga au pita kila wiki mbili, andika tarehe na jina la uliyezungumza naye. Endelea na tiba viungo wakati unasubiri.

## Hatua ya 8: Wakati wa tiba, weka kumbukumbu kama ulivyoahidi

Soma kibali vizuri. Kikisema vipindi 6, cha 7 ni cha mfuko wako mwenyewe. Kila kipindi kisainiwe, kila malipo yawe na risiti yenye jina lako. Kwenye daftari lako andika kila Jumamosi: maumivu, usingizi, dawa ulizomeza, kazi uliyoweza kufanya.

Baada ya nusu ya vipindi rudi hospitali upimwe na mtu yuleyule, kwa kipimo kilekile. Nyuzi zikitoka 35 kufika 50, una msingi wa kuomba awamu nyingine. Zikibaki 35, simama na umwambie daktari. Kuficha kwamba tiba haikufaa kutakufunga siku utakapohitaji kuomba kitu kingine.

Wakati wa kudai malipo, tuma kwa pamoja nakala ya kibali, risiti, kadi ya mahudhurio na ripoti ya vipimo viwili, cha kabla na cha baada. Jumla ya risiti ilingane na ankara. Tofauti ndogo tu inatosha kurudisha jalada.

## Hatua ya 9: Wakikataa

Usigombane dirishani. Omba sababu kwa maandishi, na uangalie ni ya aina gani.

Ikiwa ni upungufu wa karatasi, kamilisha na urudishe. Ikiwa ni ya kitabibu, ipeleke kwa daktari aijibu hoja kwa hoja, au omba maoni ya daktari bingwa mwingine. Ikiwa wanasema tatizo halitokani na kazi, rudi kwenye karatasi za siku ya kwanza. Ndiyo maana hatua ya 2 imesisitizwa.

Bado hujaridhika? Sheria inakupa nafasi ya kuomba Mkurugenzi Mkuu apitie upya uamuzi, kisha kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na baada ya hapo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Kila ngazi ina ukomo wa siku, kwa hiyo bahasha ya barua ya kukataliwa itunze ikiwa na tarehe uliyoipokea. Chama chako cha wafanyakazi kinaweza kukuandikia. CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hushughulikia migogoro ya ajira kati yako na mwajiri. Ukipeleka huko ubishi wako na WCF utapoteza muda wa rufaa yako.

## Kama umeshatibiwa na kulipa bila kibali

Usitupe risiti, na usibadilishe tarehe hata moja. Karatasi ya kughushi inaweza kukupotezea dai zima. Nenda kwa daktari wako upimwe hali ya sasa, mweleze ukweli wa ulichofanya, na umuombe alinganishe na vipimo vya zamani vilivyoko kwenye faili la hospitali. Kisha andika maombi mawili tofauti: moja la kurudishiwa ulicholipa, ukieleza kwa nini hukuomba kabla, na jingine la kibali cha vipindi vilivyobaki. La kwanza linaweza kukataliwa. La pili litaanza safi, na lisisubiri majibu ya la kwanza.